Waterloo, Lugalo na hesabu ya kalibu

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Huku Brussels tupo, mvua ni ile ile na kazi ni zile zile. Leo sina habari za baridi wala za kodi ya nyumba. Leo nawaletea historia, na historia yenyewe ni ya biashara.

Wengine hamjui kilichonisukuma, basi niwaeleze. Kwenye kundi letu la familia umeletwa mradi. Kijana wetu wa Kihesa anataka kutengeneza mchezo wa mezani wa vita vya Lugalo, yaani ile siku ya tarehe 17 Agosti 1891 Mtwa Mkwawa na jeshi lake walipomvizia Emil von Zelewski na kikosi chake cha Wajerumani. Ni mchezo wenye sanamu ndogo ndogo: Wahehe na mikuki na ngao zao upande mmoja, Mjerumani na askari wake upande wa pili, vichaka na mawe katikati. Mzee mmoja akauliza kama watu wazima nao wanacheza na midoli. Shangazi akauliza lenye uzito zaidi: hela iliyotengwa kwa ajili ya shamba iende huko kweli? Na wote mkanigeukia mimi, eti huku majuu ndiko michezo hiyo inakochezwa. Sasa badala ya kujibu kwa sentensi mbili nimeona niwaeleze biashara hii ilikotoka, nani ametajirika nayo na nani imemtesa. Uamuzi ni wenu.

Kwanza mchezo wenyewe. Watu wawili wanakaa kwenye meza kubwa kama ya chakula. Kila mmoja ana jeshi lake la sanamu, kila sanamu ina urefu wa kama sentimeta tatu hivi. Kusogeza askari unapima kwa tepu kama fundi cherehani, na ukipiga risasi unarusha dadu. Kuna kitabu cha kanuni, na ubishi wake ni kama ule wa wazee kwenye bao. Tofauti kubwa ni hii: kwenye bao kete ni za wote na hazichakai. Huku kila mchezaji ananunua jeshi lake, analiunganisha kwa gundi, analipaka rangi kwa brashi nyembamba, na akimaliza anataka jingine. Hapo ndipo biashara ilipo.

Kisa cha kwanza kiko karibu na mlango wangu. Ukitoka Brussels kwenda kusini, safari ya kilomita kama 18 hivi, unafika kwenye uwanja wa Waterloo, ambako Napoleon alishindwa tarehe 18 Juni 1815. Kuna kilima cha kutengenezwa chenye sanamu ya simba juu yake, unapanda ngazi 226. Ukisimama pale juu unaliona, kando ya barabara ya Charleroi, shamba moja la zamani lenye kuta nyeupe linaloitwa La Haye Sainte. Siku ya vita watu walikufa pale kwa mamia.

Mwaka 1830 alifika shambani hapo luteni wa Kiingereza aitwaye William Siborne. Wakubwa wake jeshini walikuwa wamemwagiza atengeneze mfano mdogo wa uwanja wote wa Waterloo ili uwekwe kwenye jumba la makumbusho. Bwana huyu alikaa La Haye Sainte miezi minane akipima kila bonde na kila uzio. Halafu akawaandikia maofisa waliopigana, mmoja mmoja, akiwauliza: saa moja jioni kikosi chako kilikuwa wapi? Adui yako alikuwa amesimama vipi? Shamba lilikuwa na nini? Barua walizomjibu hadi leo ni hazina kwa wanahistoria.

Lakini mwaka 1833 serikali ikakataa kuendelea kulipa. Siborne hakuacha. Akaendelea kwa hela yake na hela ya kukopa, mpaka mfano ukakamilika ukiwa na sanamu za bati zaidi ya 70,000, juu ya meza yenye eneo la kama mita za mraba 37. Gharama yake inatajwa kuwa pauni 3,000 hivi, fedha ya kutisha kwa luteni. Mwaka 1838 akaufungua kwa maonyesho katika ukumbi wa Egyptian Hall, London, kiingilio shilingi moja ya Kiingereza. Inakadiriwa waliuona watu 100,000.

Pigeni hesabu. Pauni moja enzi hizo ilikuwa shilingi 20. Watu 100,000 kwa shilingi moja ni pauni 5,000. Kwa nje mtu anatoka na faida ya pauni 2,000! Lakini ukumbi unalipiwa, wahudumu wanalipwa, kusafirisha dude kama hilo kunalipiwa, na kila mkono unaopitisha fedha unachukua chake. Siborne alibaki na madeni. Akahangaika miaka mingi kuiuzia serikali kazi yake, haikununua. Isitoshe, Duke wa Wellington, shujaa mwenyewe wa Waterloo, hakupendezwa na jinsi mfano ulivyoonyesha Waprusi wengi wakija kusaidia, na Siborne akaishia kuwapunguza Waprusi wake. Alifariki mwaka 1849. Mfano upo mpaka leo, katika makumbusho ya jeshi ya National Army Museum, London, na watu wanaushangaa.

Mimi nasema kosa la biashara ya Siborne halikuwa uvivu wala ujinga. Alitumia fedha yote kabla ya kuuza hata tiketi moja, na alichotengeneza kilikuwa kimoja tu. Mteja alilazimika kukifuata, akishakiona mara moja basi, shilingi yake ya pili haiji.

Sasa tazameni kilichotokea Ujerumani karibu wakati ule ule. Mwaka 1839, katika mji wa Nuremberg, fundi Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake ya askari wa bati. Yeye alichonga kalibu ya jiwe la sleti, akamimina mchanganyiko wa bati na risasi, akatoa askari bapa. Kuchonga kalibu ni kazi ya ufundi mkubwa na ya muda mrefu. Lakini ukishaichonga, kumimina ni dakika. Kalibu moja, askari maelfu, miaka na miaka. Waliuzwa kwa uzito kama sukari, kwenye visanduku vyepesi vya mbao, wakapelekwa nchi za mbali. Na kipimo chake cha milimita 30 kikaja kuwa cha kawaida, kwa hiyo aliyenunua kisanduku mwaka huu, mwakani alinunua kingine na askari wakaendana. Umeona? Mteja wa Siborne alikuja mara moja. Mteja wa Heinrichsen alirudi.

London ikajibu mwaka 1893. William Britain na wanawe walianza kumimina askari wenye uwazi ndani: unamimina risasi, ile ya nje ikiganda tu unaigeuza kalibu na iliyobaki inatoka. Askari anaonekana mzima kumbe ndani ni hewa. Madini kidogo, uzito kidogo, bei ndogo kuliko ya Mjerumani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kucheza vita na askari wa namna hiyo sakafuni. Hapo kukazaliwa jambo la pili muhimu katika biashara hii: kanuni zinauza sanamu. Mtu asiye na kanuni ananunua askari sita wa kupanga dirishani. Mwenye kanuni anataka batalioni.

Aliyelielewa jambo hilo kuliko wote ni kampuni ya Games Workshop ya Uingereza. Na hapa ndugu zangu mtacheka. Ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, na biashara yao ya mwanzo ilikuwa kutengeneza mbao za michezo kwa mkono, ukiwamo mchezo ambao Wazungu wanauita mancala. Yaani ukoo wa bao letu! Mwaka 1979 wakamsaidia Bryan Ansell kuanzisha Citadel Miniatures, kiwanda cha sanamu za madini. Wakati ule wateja wengi walikuwa wa michezo ya kuigiza kama Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974, na kila mchezaji alihitaji sanamu moja ya shujaa wake, basi. Ukiwa na kiwanda, mteja wa sanamu moja hakulishi. Kwa hiyo mwaka 1983 wakatoa Warhammer, kanuni za kupiganisha majeshi mazima. Mwaka 1987 ikafuata Warhammer 40,000, vita ya huko mbele sana kwenye nyota. Hapo mteja wa sanamu moja akawa mteja wa sanamu hamsini.

Kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la London mwaka 1994, na Desemba 2024 ikaingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko hilo, pamoja na mabenki na makampuni ya mafuta. Katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Juni 2025 mapato yalikuwa pauni milioni 617.5, na faida kabla ya kodi pauni milioni 262.8. Si utani, faida hiyo ni zaidi ya senti 40 katika kila pauni iliyoingia. Siri yake ni nini? Kila kitu wanafanya wenyewe: wanachora, wanachonga, wanatengeneza sanamu kwenye kiwanda chao cha Nottingham, wanauza rangi, vitabu na brashi, na wana maduka yao duniani, mengi yakiendeshwa na mfanyakazi mmoja tu. Asiye na duka lake anaacha karibu nusu ya bei mikononi mwa muuza duka na msambazaji.

Na wana jina. Jina nalo ni mali, hata hapa Brussels tunalijua hilo. Peyo, mchoraji aliyezaliwa Schaerbeek mwaka 1928, aliwatoa wale vibwengo wake wa bluu, Schtroumpfs, gazetini mwaka 1958. Walioeneza sanamu zao za plastiki kote duniani ni kampuni ya Kijerumani, Schleich, kuanzia mwaka 1965. Mchoraji hakuhitaji kiwanda, kiwanda kilimhitaji yeye.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo nawaomba mwisome mara mbili. Sanamu ya plastiki inatoka kwenye mashine inayosukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali sana, plastiki yenyewe ni rahisi sana. Tuseme, kwa mfano tu, kalibu ni euro 20,000 na plastiki ya sanduku moja ni euro 1. Ukiuza masanduku 500, kila sanduku limebeba euro 40 za kalibu, jumla 41, na hapo hujalipa mchongaji, sanduku, posta wala duka. Huwezi kupona. Ukiuza masanduku 20,000, kila moja linabeba euro 1 ya kalibu, jumla euro 2. Bidhaa ni ile ile, mashine ni ile ile, mmoja anafilisika na mwingine anajenga ghorofa.

Ndiyo maana wadogo wengi bado wanamimina madini. Wanatumia kalibu ya mpira inayozungushwa, kalibu rahisi ingawa inachakaa mapema. Madini yenyewe mengi ni bati, au stani kama wengine wanavyoita. Bati linatoka wapi? Wabelgiji walilichimba Manono, Katanga, tangu enzi za ukoloni, na leo mgodi wa Bisie, huko Walikale, Kivu Kaskazini, unatoa karibu asilimia 6 ya bati lote la dunia. Bei ikiwa dola 30,000 kwa tani, kilo ni dola 30. Sanamu ya gramu 10 ina bati la senti 30 za dola. Dukani huku sanamu hiyo inaweza kuuzwa euro 4 au 5. Tofauti yote imekwenda kwa aliyechonga, aliyemimina, aliyefungasha na aliyeuza. Aliyetoa udongo Kivu amekula mabaki ya zile senti 30. Kwa hiyo yeyote anayesema tutajenga utajiri hapa kwa sababu Afrika tuna madini, mwambieni pole pole.

Njia ya tatu ni ya miaka ya karibuni, nayo mtaielewa upesi kwa sababu ni mchango wa harusi mtupu. Tovuti ya Kickstarter ilianza mwaka 2009. Mwenye wazo anaonyesha picha, watu wanachangia kabla bidhaa haijatengenezwa, fedha yao ndiyo inayolipa kalibu. Mchezo wa Zombicide ulipita njia hiyo mwaka 2012, na Kingdom Death: Monster ulimaliza mchango wake Januari 2017 na zaidi ya dola milioni 12. Fikirieni kama Siborne angekuwa na kitu hiki!

Lakini mnajua kamati za harusi. Bajeti inapangwa, ahadi zinakuja, halafu bei ya ukumbi inapanda wiki mbili kabla. Mwaka 2021 bei ya kusafirisha kontena kutoka China hadi Ulaya ilipanda mara kadhaa. Kampuni ya Mythic Games ya jirani zetu wa Luxembourg, ambayo ilikuwa imechangisha mamilioni, mwaka 2022 iliwaomba wachangiaji waongeze hela ili wapate walichokwisha kulipia. Wateja waliwaka. Na mwaka 2025 hata CMON, wakubwa wa biashara hii, walisimamisha kutengeneza michezo mipya kwa sababu ya ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za China. Hela ya mteja ukishaipokea mapema ni deni, na deni hilo linapanda kwenye meli pamoja na mzigo.

Kuhusu mzigo, jambo moja la huku. Tangu tarehe 1 Julai 2021 kifurushi chochote cha biashara kinachoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje kinalipiwa kodi ya ongezeko la thamani, hata kiwe cha euro 5. Ubelgiji kiwango cha kawaida ni asilimia 21. Posta kutoka Iringa hadi hapa juu yake... mteja atakimbia.

Je, ina maana nasema mradi ufe? Hapana. Sikilizeni na upande huu. Nendeni mtandaoni mtawakuta Wazulu wa Isandlwana, vita ya Januari 1879, wakiuzwa kwa masanduku na kampuni ya Warlord Games, nayo iko Nottingham huko huko. Vita ya Waafrika, ushindi wa Waafrika, duka la Wazungu. Siku moja atatokea mtu Ulaya auze Lugalo, na atachonga ngao za Wahehe kwa kuangalia picha za Wazulu. Mtoto wetu anacho kitu ambacho mtu huyo hana: Lugalo yenyewe iko pale barabarani, makumbusho ya Kalenga yapo, na wazee wenye masimulizi ya babu zao bado wapo, ingawa si wengi. Siborne aliandika barua kwa sababu mashahidi walikuwa hai. Kazi yake iliyodumu kuliko zote ni zile barua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa mpangilio. Kwanza, kanuni na masimulizi: aende kwa wazee na daftari, aandike, achore ramani, atengeneze askari wa karatasi ngumu, watoto wa shule wacheze mpaka kasoro zitoke. Gharama yake ni karatasi na nauli. Pili, auze kanuni na michoro kwa njia ya mtandao, maana siku hizi wachezaji wengi huku wana mashine za kuchapa sanamu nyumbani, wananunua faili tu. Faili halipandi meli wala halilipiwi posta. Tatu, wakipatikana wanunuzi wa kweli, sanamu chache za kumimina kwenye kalibu ya mpira. Kalibu ya chuma ni ya mwisho kabisa, na ilipwe na oda zilizokwisha kuingia. Isilipwe na shamba.

Shangazi, jibu lako basi ni hilo: hela ya shamba ibaki shambani. Mimi nitatoa ya hatua ya kwanza, nauli za kwenda kwa wazee na uchapishaji wa kitabu kidogo cha kanuni, nitatuma mwisho wa mwezi. Na wewe mzee uliyeuliza kuhusu midoli, wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kuhojiwa, kwa hiyo anza kukumbuka aliyokusimulia babu.

Niandikieni mnavyoona, hata kama hamkubaliani nami. Wasalimieni wote Kihesa, Kalenga na Tosamaganga. Tuko pamoja.